Namna ya kuipata bendi mpya ya drimu-popu na kuisikiliza albamu yake hadi uijue

Ipo aina ya muziki ambayo mtu aliyekulia Mbeya, Tukuyu au Mufindi ana nafasi nzuri ya kuielewa hata kama hajawahi kuisikia. Huitwa drimu-popu, yaani popu ya ndotoni: magitaa yanayosikika kana kwamba yanapigwa ng'ambo ya bonde, kinanda kinachoshikilia sauti moja kwa muda mrefu, ngoma zisizo na haraka, na mwimbaji ambaye sauti yake haikai mbele ya vyombo bali imezama katikati yao. Mvua za mwezi wa tatu zinapokolea, Loleza huweza kufichwa na mawingu asubuhi nzima, na bado kila mkazi wa mji anajua mlima ulipo. Albamu nzuri ya drimu-popu iko hivyo hivyo, kwani huufunika wimbo kwa mwangwi lakini wimbo wenyewe upo, ilhali albamu mbaya ni ukungu mtupu. Hapa nitaeleza jinsi ya kuitafuta bendi changa ya aina hii, inayojitegemea na isiyotangazwa na mtu, kisha jinsi ya kuisikiliza albamu yake mpaka uweze kusema kwa uhakika kwamba bendi hiyo itafika mbali.

Usianze kutafuta kipya kabla sikio halijazoea waliotangulia. Siku chache zinatosha. Chukua kwanza albamu iitwayo Heaven or Las Vegas ya Cocteau Twins, bendi iliyotoka mji mdogo wa Grangemouth nchini Scotland, iliyotolewa mwaka 1990 na kampuni ya 4AD ya London. Ina nyimbo kumi na haifiki dakika arobaini. Mwimbaji wake, Elizabeth Fraser, anajulikana kwa kuimba maneno ambayo hata wenye Kiingereza chao hushindwa kuyashika, kwa hiyo msikilizaji wa Iringa asidhani kwamba lugha imemweka nje ya mlango: hapo sote tuko barazani pamoja. Baada ya hiyo sikiliza Souvlaki ya Slowdive, ya mwaka 1993, halafu Teen Dream ya Beach House, bendi ya watu wawili kutoka Baltimore, ya mwaka 2010. Albamu hizo tatu zitakupa kipimo.

Jina lenyewe la drimu-popu kwa kawaida huhusishwa na Alex Ayuli, ambaye pamoja na mwenzake Rudy Tambala waliunda kundi la A.R. Kane huko London katika miaka ya 1980 na kutoa albamu iitwayo 69 mwaka 1988. Wasomaji wa Kyela, walio karibu na mpaka wa Kasumulu, watalitambua jina la Tambala mara moja, kwa kuwa ndilo jina la sarafu ndogo ya Malawi; na kweli mwanamuziki huyo ana asili ya Malawi. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Wapo vijana wa kwetu wanaodhani kwamba muziki huu ni wa Wazungu watupu na kwamba wao wanauchungulia kwa dirishani, wakati mmoja wa walioupa sura yake ana ukoo ng'ambo ya mto Songwe.

Sasa twende kwenye utafutaji wenyewe. Njia ambayo watu wengi huitumia ni kuiachia programu ya simu iwachagulie, na siipendekezi, kwa sababu programu hukuletea kile kinachofanana zaidi na ulichokwisha kukisikiliza, na bendi changa yenye wasikilizaji mia mbili haina nguvu ya kupenya humo. Njia ninayoiamini ni kufuata majina ya mafundi. Kila albamu huandikwa mahali fulani ni nani aliyerekodi, ni nani aliyechanganya sauti, na ni kampuni gani iliyoitoa. Watu husoma jina la mwimbaji na kuliacha hilo lingine, na hapo ndipo wanapopoteza njia. Chris Coady, kwa mfano, alitayarisha Teen Dream pamoja na Beach House, na ni yeye huyo aliyechanganya sauti za albamu ambayo Slowdive waliitoa mwaka 2017 baada ya kurejea kutoka katika ukimya wa miaka mingi. Simon Raymonde, aliyepiga gitaa la besi katika Cocteau Twins, alianzisha kampuni ya Bella Union mwaka 1997 akiwa na mwenzake Robin Guthrie, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuzisambaza albamu za Beach House barani Ulaya. Unaona jinsi uzi unavyotoka kwa wazee hadi kwa vijana bila kukatika. Fanya hivyo hivyo kwa bendi yoyote unayoipenda: tafuta aliyechanganya sauti zake, kisha uangalie ni bendi zipi ndogo alizozifanyia kazi mwaka huu na mwaka jana. Fundi mzuri hutembelewa na chipukizi wengi, na kwa kawaida huwapokea wale aliosikia kwamba wana kitu.

Mahali pa kuzipata bendi hizo ni hasa Bandcamp, soko la muziki la mtandaoni lililoanza mwaka 2008, ambako mwanamuziki huweka kazi yake mwenyewe na kujipangia bei. Ingia kwenye sehemu ya kutafuta kwa aina ya muziki, chagua drimu-popu, kisha uagize ikuonyeshe zilizoingia karibuni badala ya zinazouzwa sana. Utakutana na mambo mengi yasiyo na thamani, na hilo ni la kawaida. Anayechambua maharage sokoni Mwanjelwa hachukizwi na mawe. Ukiipata albamu moja tu iliyokugusa, usiondoke haraka. Kwenye ukurasa wa albamu huonekana picha ndogo za watu walioinunua, na wengine wao huandika mstari mmoja kueleza ni wimbo gani waliupenda na kwa nini. Bonyeza picha ya yule aliyeandika maneno yenye akili, nawe utafunguliwa hazina yake, yaani albamu zote alizozinunua. Mtu aliyetoa fedha yake kwa bendi isiyojulikana, kisha akajua kusema ni nini kilichomfanya aitoe, ana sikio la kuaminika kuliko orodha yoyote. Nyingi kati ya bendi ninazozipenda leo nimezipata kwa njia hiyo.

Kuhusu gharama ya bando, ambayo najua ni swali la kwanza kwa msomaji wa huku, hesabu ni nyepesi. Kusikiliza moja kwa moja kwenye Bandcamp hutumia sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo ni karibu megabaiti moja kwa kila dakika. Albamu ya dakika arobaini itakula takriban megabaiti 38. Ukiinunua na kuipakua kwa ubora wa kilobiti 320, itachukua karibu megabaiti 96, lakini utaipakua mara moja tu na kuisikiliza maisha yako yote bila intaneti. Bendi nyingi huruhusu albamu nzima isikilizwe bure mara kadhaa kabla ya ukurasa kukuomba ununue. Kwa hiyo chuja kwa kusikiliza moja kwa moja, kisha pakua ile moja iliyobaki kwenye chujio. Anayepakua kwanza na kuchuja baadaye hujaza simu na kumaliza bando kwa vitu ambavyo hatavisikiliza tena.

Katika kuchuja nina utaratibu wangu. Nasikiliza wimbo wa kwanza wote, kisha naruka hadi wimbo wa pili kutoka mwisho. Wimbo wa kwanza ni sebule, kila mtu hupanga viti vyake vizuri. Wimbo wa pili kutoka mwisho ni stoo, na huko ndiko bendi huficha ilichokosa pa kukiweka. Ikiwa hata huo una kitu, albamu nzima ina kitu. Pia hakikisha kwamba bendi ni watu. Mwaka 2025 kundi lililojiita The Velvet Sundown lilikusanya wasikilizaji zaidi ya milioni moja kwa mwezi kwenye Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, kabla ya kukiri kwamba muziki wake ulitengenezwa kwa akili mnemba. Angalia kama wanamuziki wametajwa pamoja na vyombo wanavyopiga, na kama ipo hata video moja ya simu inayowaonyesha wakipiga mbele ya watu, hata kama ukumbi ni mdogo na sauti inakwaruza. Video ya namna hiyo naiamini kuliko picha kumi za studio.

Tukifika kwenye kusikiliza, naomba msomaji atulie nami, kwa kuwa albamu nzuri nyingi za aina hii hutupwa na watu waliozisikiliza vibaya. Muziki huu umejengwa kwa pande mbili. Gitaa moja huwekwa kushoto, jingine kulia, na mwangwi wa moja huvuka kwenda kulikutana na mwenzake katikati ya kichwa chako. Simu nyingi za bei ya chini zina spika moja, nayo huziminya pande hizo mbili kuwa moja, kiasi kwamba kinachobaki ni kelele laini isiyo na umbo. Tumia hedifoni, hata za bei nafuu za dukani Kabwe, mradi pande zote mbili zinafanya kazi na umezivaa kwa usahihi, ya kushoto kushoto. Ikiwa nyumbani kuna sabufa, punguza kitufe cha besi hadi chini ya nusu. Sabufa zetu hufungwa kwa ajili ya muziki wa kuchezea, na besi ikizidi huyameza magitaa yote. Usipandishe sauti kwa sababu tu humsikii mwimbaji vizuri. Amewekwa chini kwa makusudi, na ukimfuata kwa kuongeza sauti utaumiza masikio bila kumfikia. Shusha sauti kidogo, nyamaza, nawe utamsikia akipanda mwenyewe.

Jifunze pia kutofautisha mwangwi na mrudio, kwa sababu ndivyo vyombo viwili vikuu vya kazi hii. Ingia katika kanisa kubwa siku ambayo hakuna watu, upige kofi moja: ile sauti inayotanda na kufifia polepole bila mipaka ndiyo mwangwi. Kisha simama mbele ya ukuta wa mwamba, uite jina lako, na usikie jina likikurudia zima, kisha tena, hafifu zaidi: huo ndio mrudio. Gitaa la drimu-popu hupitishwa kwenye vifaa vinavyotengeneza vyote viwili, na ukisha kuvitambua utaanza kusikia ni bendi ipi inavitumia kwa akili na ipi inavimwaga kama chumvi ya mpishi asiyeonja. Wala mwangwi hauhitaji fedha nyingi. Cigarettes After Sex walirekodi kazi yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012, kwenye ngazi za jengo la ghorofa nne katika chuo kikuu cha El Paso huko Texas, na mwangwi ule wa ngazi ukawa alama ya bendi. Bendi changa iliyopata sauti yake kutoka mahali halisi huwa naipa masikio mara mbili.

Sikiliza albamu mara tatu, kwa siku tofauti. Mara ya kwanza iwe ukiwa safarini au kazini, bila kujilazimisha. Basi la kutoka Mbeya kwenda Iringa linatosha kabisa, na kipande cha kutoka Makambako hadi Mafinga, penye misitu ya misonobari, kinaafikiana na muziki huu kuliko mahali pengine ninapopajua. Mara ya pili iwe usiku, taa zimezimwa, simu imefungwa isipokee ujumbe, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka. Umeme ukikatika, usiulalamikie.

Mara ya tatu ndiyo ya hukumu, na hapa nina kipimo ambacho sikukisoma popote bali nilikipata jikoni. Mpwa wangu huimba alto katika kwaya ya kanisa, na kama wanakwaya wengi wa huku, husoma na kuandika nyimbo kwa solfa. Jioni moja alikuwa akimenya viazi, nami nikiwa nasikiliza albamu ya bendi changa niliyokuwa nimeipata wiki ile. Alifuta mikono, akachukua hedifoni, akasikiliza wimbo wa tano kwa dakika mbili akiwa amefumba macho. Kisha akasema, "Mjomba, huyu dada anaimba alto. Soprano wamempa gitaa." Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule mara saba bila kuliona jambo hilo: mwimbaji alikuwa amebaki chini, katika sauti tatu au nne tu, na wimbo wenyewe, ule unaokaa kichwani, ulikuwa ukipigwa na gitaa juu yake. Nikamwomba auandike. Akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari la kwaya na kuandika so, so, la, so, mi, kisha mstari wa alto chini yake, na ulipoimbwa hapo jikoni bila gitaa wala mwangwi wowote, ulisimama kwa miguu yake. Nikampa wimbo wa sita. Akasikiliza, akarudia, akarudisha hedifoni. "Huu hauandikiki," akasema. "Hapa wanapumua tu."

Tangu siku hiyo sijatumia kipimo kingine. Chukua kila wimbo wa albamu, uondoe ukungu, yaani uuimbe kwa mdomo uliofungwa au umwombe anayejua solfa auandike. Wimbo unaoandikika una mfupa ndani. Katika albamu ile ya nyimbo tisa, sita ziliandikika, na kwa bendi iliyotoa kazi yake ya kwanza hiyo ni hesabu kubwa. Nyimbo zikiandikika chini ya nusu, basi bendi hiyo ina vifaa vizuri lakini bado haijapata cha kusema, na ni vema kuisubiri albamu ya pili. Zingatia kwamba kipimo hiki hakimdai mwimbaji peke yake: wimbo unaweza kubebwa na gitaa, na kinanda, hata na besi, kama mpwa wangu alivyonionyesha. Kinachotakiwa ni kwamba ubebwe na mtu.

Nayapa mambo mengine uzito mdogo zaidi. Ngoma zilizorekodiwa chumbani na kusikika kama maboksi husameheka, kwa kuwa fedha ya studio itakuja. Mwimbaji anayeyumba kidogo kwenye sauti za juu husameheka pia. Jambo ambalo mimi silisamehe ni bendi inayoiga mmoja tu wa wakubwa kwa kila kitu, kuanzia mdundo hadi picha ya jalada, kwa sababu hapo hakuna mbegu ya kuota. Tafuta angalau wimbo mmoja ambao usingeweza kuwa wa mtu mwingine yeyote: labda mdundo umekwenda kasi pasipotarajiwa, labda wamenyamazisha magitaa yote na kumwacha mwimbaji na kinanda kikavu, kisicho na mwangwi. Huo ndio wimbo wa kuurudia, na mara nyingi ndio unaokuonyesha albamu ijayo itaelekea wapi.

Ukisharidhika, inunue. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, na kinachobaki, ukitoa gharama za malipo, humwendea mwanamuziki. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi kumi na miwili, na nyimbo nyingi za bendi changa haziufikii mstari huo. Malipo hufanyika kwa kadi ya benki au PayPal, na asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia pesa za simu. Pia kuna Ijumaa maalumu, zilizoanzishwa Machi 20, 2020 wakati wa janga la korona, ambazo Bandcamp huachia fungu lake lote liende kwa wanamuziki. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za magharibi ya Marekani, kwa hiyo kwetu huanza saa nne asubuhi ya Ijumaa, au saa tano katika miezi ambayo wenzetu wamerudisha saa nyuma, na kuendelea hadi muda kama huo siku ya Jumamosi. Weka albamu kwenye orodha ya matamanio mapema, usubiri siku hiyo.

Rafiki akitaka kuisikia, mtumie kiungo badala ya mafaili, ili naye ahesabiwe kati ya wasikilizaji wa bendi. Kisha waandikie wanamuziki wenyewe. Bendi ndogo nyingi zina kitufe cha kutuma ujumbe kwenye ukurasa wao, na barua hufunguliwa na mwimbaji au mpiga gitaa mwenyewe. Taja wimbo kwa jina, taja dakika, eleza uliposikilizia. Mimi niliwaandikia wale wa nyimbo tisa kuhusu wimbo wa tano, nikawapigia picha ule ukurasa wa daftari la kwaya wenye solfa, mistari miwili ya penseli na doa la maji ya viazi pembeni. Baada ya siku nne mpiga gitaa alijibu akiuliza namna ya kuusoma, nami nikamwita mpwa wangu aje amweleze.